Baraza la Kusini

Baba yangu hakuwahi kuiona bahari, lakini ungemsikia akizungumza dukani kwake Mbeya ungedhani amefika jana kutoka Bagamoyo. Aliyetoka pwani alikuwa babu yake, akapanda bara kufuata biashara, akaishia huku kwenye baridi. Baba alizaliwa bara, akakulia bara, akaoa bara. Pwani ilikuwa imebaki kwenye kanzu, birika la kahawa na maneno, na maneno hayo aliyashika utadhani ni hati za nyumba. Hakusema mwezi wa sita kama watu wengine. Alisema kusi imeingia. Mwezi wa kwanza kwake ulikuwa kaskazi. Pale Mbeya, ambako upepo hutoka mlimani unapotaka wenyewe, wateja wengi hawakujua anasema nini, na hilo ndilo lililompendeza.

Nayasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa nagombana na mtu wa namna gani. Wapo watu wanaokosea kwa kutojua, nao hao wana nafuu, maana ukiwaonyesha wataona. Baba alikosea kwa ufasaha.

Mama alikuwa Mhehe wa Kihesa, Iringa. Alisilimu alipoolewa, akajifunza kusali, akajifunza kupika wali wa nazi katika mji usio na mnazi hata mmoja, na akajifunza Kiswahili ambacho baba alikicheka kwa miaka kumi na minane. "Iko, iko," baba alikuwa akimwiga mbele ya wageni. "Chai iko, mtoto iko, mvua iko. Kwa mke wangu dunia nzima iko." Wageni walicheka. Mama naye alicheka, akaenda jikoni. Mimi sikucheka, na tangu nikiwa mdogo baba alikuwa akiniambia nina uso wa karani wa mahakama.

Katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, nilikuwa nasoma shule ya bweni ya wasichana Iringa, na mapumziko mafupi nilikuwa nayamalizia Kihesa kwa mjomba, kaka yake mama. Mwaka huo, mvua zikiwa bado zinanyesha, mama akaanza kukohoa. Alikohoa mwezi mzima, akakonda, akapelekwa hospitali, akaambiwa ni kifua kikuu. Dresa, yaani mganga msaidizi wa hospitali, alimpa sindano za kila wiki, akamwambia anywe maziwa, kisha akamwambia jambo ambalo baba alilirudia kwa kila mtu aliyeingia dukani: huyu mama aote jua kila siku, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba, na hasa miezi ya baridi. Baridi ya Mbeya si ya mchezo. Mwezi wa saba maji ya kwenye ndoo hukata vidole, na mtu mwenye kifua kibovu akipitisha baridi hiyo kivulini, hajui kama ataiona mvua inayofuata. Dresa hakuficha. Alisema mama apate jua au tujiandae.

Basi baba akaamua kumjengea baraza. Sitamnyima haki yake: aliamua siku hiyohiyo, na hakufanya ubahili. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kiwanja chembamba. Duka lilikuwa mbele, likitazama barabara na mlima wa Loleza, yaani upande wa kaskazini. Vyumba vilifuata nyuma ya duka, halafu uani, halafu ukuta wa ghala la jirani, na hapo kiwanja kikaisha. Baba alijenga nyuma, uani, upande wa kusini. Akamwaga saruji, akainua ukuta mfupi wa kuegemea kwenye ukingo wa mbali na nyumba, akaongeza upenu wa bati kutoka kwenye paa la nyumba ili mvua isirukie mlango. Mvua ilinyesha wakati wote wa kujenga, mawingu yalikuwa yamefunika mji, na hakuna aliyeliona jua wala kuuliza liko wapi.

Kisha akaniandikia barua shuleni. Naikumbuka kwa sababu niliisoma mara nyingi kwa hasira. Aliandika kwamba amemjengea mama baraza la saruji upande wa kusini, kwa kuwa kusi inakaribia, na kusi ikiingia jua huhamia kusini, ndiyo maana msimu ukaitwa hivyo. Aliandika kwamba wazee wa pwani hawakuyatunga maneno ovyo.

Barua hiyo nilimsomea mjomba Jumapili, Kihesa. Mjomba alikuwa fundi wa matofali. Alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akapiga matofali kwa kibao, akayaanika, akayachoma, akayauza. Hakuwa amesoma zaidi ya kusoma Biblia na kuandika jina lake. Nilipomaliza alikuwa amechuchumaa anageuza matofali mabichi, na hakuinua kichwa.

"Huyu shemeji yangu anajenga stoo ya viazi," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Njoo hapa. Huu ukuta unauona? Matofali yangu mwezi wa kwanza naweka wapi? Huku kusini, upande wa mto Ruaha. Sasa naweka wapi? Naweka huku ingine. Kila mwaka nahamisha. Mwezi wa sita jua iko kaskazini, mtoto. Hii ingine ukiiacha upande wa kusini inakaa wiki tatu bado iko na maji. Inapasuka kwenye moto."

Alinionyesha tofali moja lililosahauliwa nyuma ya ukuta. Lilikuwa jeusi kwa unyevu, na kidole changu kilizama. Upande wa pili wa ukuta huohuo, yale yaliyopigwa siku ileile yalikuwa meupe na yalilia ukiyagonga.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametufundisha jambo hilo kwa tufe na taa ya chemli, nami nililiandika daftarini bila kuliamini. Alisema dunia imeinama upande, haijasimama wima, na inapolizunguka jua kuna miezi ambayo upande wa juu ndio unaoinamia jua na miezi ambayo ni upande wetu. Alisema pia kitu kilichotufanya darasa zima tumbishie: kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwezi wa kwanza, na mbali zaidi mwezi wa saba, lakini si umbali huo unaoleta baridi kubwa wala joto kubwa, kwa kuwa tofauti yake ni ndogo. Kinacholeta ni mwelekeo. Jua likikupiga utosini, mwanga wake wote unaangukia mahali padogo. Likikupiga kwa ubavu, mwanga uleule unatandazwa mahali pakubwa, na kila kipande cha ardhi kinapata kidogo. Baada ya hapo kuna mawingu, kuna vumbi na moshi, kuna milima inayokinga, na kila kimoja kinachukua chake. Nilipoyashika yale matofali mawili ndipo nilipoelewa.

Nikamwandikia baba. Niliandika kwa adabu, heshima zote, shikamoo mbili. Hakujibu.

Shule ilipofungwa mwezi wa sita nikapanda basi kwenda Mbeya. Nilifika mchana, nikapita dukani moja kwa moja mpaka uani. Mama alikuwa amekaa kwenye baraza jipya, amejifunga blanketi mbili, na kichwa amekifunga kitambaa cha sufu. Anga ilikuwa bluu, haina hata uzi wa wingu, na mama alikuwa kivulini. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefunika saruji yote isipokuwa kipande chembamba, upana wa kiganja, kwenye kitako cha ule ukuta mfupi. Mama alikuwa amevua viatu na kuipanga miguu yake kwenye kile kipande.

"Hapa iko," aliniambia, akanionyesha vidole vyake vya miguu. "Inakuja saa sita na nusu. Inakaa kidogo, inaondoka."

Nilimshika mikono. Ilikuwa baridi kama lile tofali jeusi la mjomba. Nikarudi dukani nikiwa nimejaa hasira pomoni.

Baba alikuwa anapima sukari. Nilisubiri mteja atoke, nikamwambia kwamba mama anaganda, kwamba jua liko mbele ya nyumba na yeye amemweka nyuma, na kwamba kwa muda wote wa baridi halitafika kule. Alinisikiliza huku anafunga karatasi.

"Kusi haijakomaa," akasema. "Ikikomaa jua litahamia."

"Baba, likihamia litazidi kwenda kaskazini. Halafu litaanza kurudi polepole."

"Kusi ni kusini. Neno limo ndani ya neno. Au huko kwa mjomba wako wanasema vingine?"

Nilimwambia kwamba kusi ni upepo, na upepo unaitwa kwa kule unakotoka. Unatoka kusini kwa sababu unalifuata jua, na jua liko upande wa pili. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani alichomtunzia mama na watu wa bara kwa jumla. Akaniambia haijatokea katika ukoo wetu mtoto wa Kihehe kumfundisha mtu maana ya kusi.

Nikachukua tochi kwenye rafu, nikawasha, nikaimulika chini ya kaunta kulikokuwa giza. Nikaishika wima: duara dogo, kali. Nikailaza: mwanga mrefu, hafifu, umesambaa mpaka kwenye gunia la chumvi. Nikamwambia hivyo ndivyo jua la mwezi wa sita linavyotupiga, ndiyo maana linang'aa na halichomi, na mtu mgonjwa anahitaji kulipata lote, si kusubiri vidole vya miguu.

"Unamaliza betri," akasema.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kila siku alikuja mtu kulitazama baraza, maana saruji bado ilikuwa kitu cha kutazamwa. Walikuja wafanyabiashara wenzake, walikuja wateja wa kutoka Chunya na vumbi lao jekundu, wakalipiga teke kwa heshima, wakasema mke wa mtu amepata kiti cha enzi. Watu wa Chunya kwao ni joto, wakawa wanajikunyata kwenye makoti yao na kusifia. Mama akawaambia ahsante huku anatetemeka. Niliwachukia wote. Nilimchukia hata dresa aliyekuja siku moja, akaona baraza, akala maandazi, akaondoka bila kutazama juu.

Nilimwambia mama ahamie mbele ya duka. Kulikuwa na kibaraza kipana pale, jua lilikipiga tangu lilipotokeza juu ya Loleza mpaka saa kumi. Mama akasema baba yako hataki. Nikasema tutaona. Siku hiyo, baba aliporudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri, nilimngojea chakulani. Kwetu kibla kiko kaskazini, anayesali Mbeya anaelekea Loleza.

"Baba," nikasema, "umetoka msikitini sasa hivi. Jua lilikuwa linakupiga usoni au kisogoni ulipokuwa umesimama uani kwa msikiti kuelekea kibla?"

Akaacha kula. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na nilikuwa sahihi, na hakuna mtu mbaya zaidi ya huyo. Nikasema mwadhini ana fimbo yake uani ya kupimia wakati wa sala, na kivuli cha fimbo hiyo mchana huu kilikuwa kimelala kuelekea nyuma ya waumini, kusini, na baba anakiona kila siku ya Mungu.

Akanipiga kofi. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili chake kizuri kisicho na kosa, maneno ambayo niliyasikia kwa miaka mingi baadaye nikiwa nafua, nikiwa nafundisha, nikiwa nanyonyesha watoto wangu.

"Nimejua tangu mwezi wa tano. Mwadhini alinionyesha. Wadhani mimi ni kipofu? Ulitaka nimweke wapi? Mgonjwa wa kifua, nimkalishe mbele ya sukari yangu na unga wangu, akohoe, watu wapite upande wa pili wa barabara? Mtakula nini?"

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa hatua nne kutoka tulipokuwa, na sauti ya baba haikuwa ya kunong'ona. Sikuthubutu kugeuka. Kwa hiyo wiki zote zile za kusi haijakomaa, kusi itakomaa, alikuwa anamdanganya mwanamke aliyepanga miguu yake kwenye kiganja cha jua. Mwanzo lilikuwa kosa la neno, kosa ambalo ningeweza kulicheka nikiwa mkubwa. Baadaye neno likawa pazia tu, na nyuma ya pazia kulikuwa na mizani ya sukari.

Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda, mama alijifunga blanketi zake, akachukua kigoda chake mwenyewe, akapita katikati ya duka mbele ya wateja wanne, akatoka nje akakaa kwenye kibaraza cha mbele. Akafungua kitambaa kichwani. Akakohoa, wala hakuziba mdomo kwa upande wa khanga kama alivyozoea, alikohoa mpaka kikohozi kikaisha. Wateja wawili waliweka vitu vyao chini, wakaondoka.

Baba akatoka akamsimamia. "Ingia ndani."

"Nitaingia," mama akasema. "Jua ikiisha."

Alikaa mpaka saa tisa. Uso wake ulirudi rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka uliopita. Siku ya pili akakaa, siku ya tatu akakaa. Siku ya tatu dukani hakuingia mtu tangu asubuhi, na habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba kwa Mswahili yule kuna kifua. Baada ya alasiri baba alimwita mwadhini na shahidi mwingine, akaandika talaka. Talaka moja. Sababu aliyoitoa ni kwamba mke amemvunjia heshima mbele ya watu.

Mjomba alikuja na lori la mtu aliyekuwa anarudisha magunia matupu Iringa. Hakugombana. Alimsalimia mama kwa Kihehe, "Kamwene," akambeba mikononi kama mtoto, akampandisha mbele karibu na dereva. Baba alikuwa amefunga duka na kukaa ndani. Hivyo ndivyo baba alivyompa mama jua: kwa njia pekee aliyoimudu, kwa kumfukuza.

Kihesa mama alikaa kati ya matofali. Asubuhi mjomba alimweka kigoda upande wa kaskazini wa ukuta, pamoja na matofali mabichi ya siku hiyo, na mchana alimsogeza jua lilivyosogea, kama anavyosogeza kazi yake. Mama akawa anapata nguvu. Mwisho wa mwezi wa saba alikula ugali akaomba mwingine. Sindano aliendelea nazo hospitali ya Iringa. Nilikuwa na furaha, lakini furaha ya uchungu, kwa sababu kila nilipotoka shuleni kumtazama mama aliuliza swali lilelile: baba yako anakula nini? Nilimjibu kwamba anakula sukari.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane nilitumwa Mbeya kuchukua sanduku la nguo za mama. Kabla sijaondoka alinivuta upande. Alikuwa amezungumza na kaka yake juu ya jua, alikuwa amehesabu miezi kwa vidole, na alikuwa amepanga maneno yake.

"Mwambie baba yako asibomoe ile baraza. Kaka anasema jua inarudi. Mwezi wa tisa itakuwa imefika katikati, mwezi wa kumi itakuwa imejaa pote. Mwambie nitakaa nyuma. Sitakaa mbele tena. Na eda bado haijaisha."

Talaka moja hurejewa ndani ya eda, miezi mitatu, bila ndoa mpya wala mahari. Mwanamume anasema tu nimekurejea. Mama alitaka kurudi. Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilimwambia ndiyo, nitasema.

Baba nilimkuta amekonda. Wateja walikuwa wamerudi, sukari ilikuwa inapimwa, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya na birika la kahawa lilikuwa baridi. Hakuniuliza habari za shule. Aliniongoza uani, akaniinamisha karibu na ule ukuta mfupi wa baraza. Pale chini kile kipande cha jua kilikuwa kimenenepa. Kilikuwa upana wa viganja viwili, karibu vitatu. Baba alikuwa amechora mistari ya makaa kwenye saruji, mstari kila Ijumaa, na mistari ilikuwa inasogea kuelekea nyumba.

Halafu akaniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake kuniuliza mimi kitu asichokijua.

"Wewe umesoma. Huu utaendelea kupanuka, au hapa ndipo mwisho wake, unarudi?"

Nilijua kwa nini anauliza. Alikuwa amenyoa ndevu zake vizuri, na juu ya kiti pale barazani kulikuwa na blanketi jipya, bado lina karatasi ya dukani. Alikuwa anataka kumrejea, na alikuwa anataka kujua kama anaweza kufanya hivyo bila kumkalisha mbele ya unga. Akipata jua nyuma, mambo yake yote yamekaa sawa: mke ndani, wateja nje, na yeye mwenye haki tangu mwanzo kwamba kusini ndiko.

Ujumbe wa mama ulikuwa mdomoni kwangu. Nilitazama ile mistari ya makaa, nikamfikiria amechuchumaa kila Ijumaa anapima, yeye aliyekuwa na muda wote huo wa kupima mwezi wa sita.

"Unarudi," nikasema. "Hapo ndipo mwisho."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini papo hapo, na hilo lilinikera kuliko kofi. Nikabeba sanduku nikaondoka. Wiki hiyohiyo akaleta watu wakalivunja baraza, nilisikia kwa waliopita Iringa.

Najua mtakachosema, kwa hiyo nakisema mwenyewe. Mwezi wa tisa jua lilikuwa limeshafika pale alipobomoa, tena linakaa hapo asubuhi mpaka alasiri, na baba alikuwa na macho. Alijua nimemdanganya, na eda ilikuwa imebakiwa na wiki kadhaa. Angeweza kupanda basi. Hakupanda, wala hakunishtaki kwa mama, si wakati ule wala baadaye, hata tulipokuja kuzungumza tena kama watu wazima. Nilijiegemeza kwenye jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini ukimzibia mtu mlango, huna haki ya kumlaumu kwa kutopita.

Eda iliisha mwezi wa kumi, siku zilezile ambazo pale kwetu mchana kivuli cha mtu hukusanyika chini ya nyayo zake kisha huanza kulala upande wa pili. Mashamba yalikuwa yanachomwa, moshi ulifunika mabonde, na jua la Kihesa lilikuwa jekundu na halina ukali. Mjomba alikuwa ameanza kuhamisha matofali. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama nikipepeta mahindi. Kikohozi kilikuwa kimebaki kidogo sana.

"Ulimwambia?" akauliza. "Kwamba jua inakuja?"

"Nilimwambia," nikasema.

"Yote? Kwamba nitakaa nyuma?"

"Yote."

Alifikiri kidogo, bila hasira yoyote, kama mtu anayepokea chenji yake na kuiona iko sawa.

"Basi hakunitaka," akasema.

Aliishi miaka ishirini na miwili baada ya siku ile, akiwa mzima, pale Kihesa, na hakulitaja tena jina la baba.